Aliyewaua Majimoto ni Mimi

Salima mwanangu,

Majimoto, wale sisimizi wekundu wa miti ya uani, niliwaua mimi. Hukuwaua wewe.

Nimeliweka mwanzo kabisa kwa sababu najijua. Nikianza na salamu na habari za afya nitafika mwisho wa karatasi sijalisema, kisha nitaikunja vizuri nikupe, nawe utasoma barua nzuri isiyo na kitu ndani. Sijamwambia mtu jambo hili. Si bibi yako, si mjomba wako Bakari, si wenzangu wa bweni ambao tunaambiana hata ndoto za aibu.

Utaona ajabu pia mimi kukuita mwanangu. Kwa mdomo nakuita Salima, na ukinichosha nakuita "we mtoto". Lakini kwetu mama mdogo ni mama, hilo halina mjadala. Dada Fatuma alipofariki ulikuwa na miaka mitatu, mimi kumi. Bibi yako akakufunga mgongoni kwangu kwa kanga, akasema, "Haya, huyu wako." Sikuulizwa. Nimekubeba kisimani, nimekubeba madrasa, ukanikojolea juzuu mbele ya maalimu. Sasa nina miaka kumi na saba, wewe kumi, na kesho asubuhi lori la Newala linakuchukua kwenda kwa baba yako. Unapelekwa kwa kosa langu.

Mambo ya safari bibi yako ameshakwambia mara nne, na mara ya tano atakwambia ukiwa umeshapanda. Baridi ya Newala, kunawa, kumwamkia shangazi yako kabla hajakutazama, yote umeyasikia. Mimi sina la kuongeza hapo. Wala usidhani ninaandika kwa machozi. Nimekasirika. Nimejikasirikia, nimemkasirikia bibi yako, na tangu asubuhi hii nimekukasirikia na wewe.

Unawakumbuka wale wanawake watatu wa Mikindani? Tuliambiwa ni wageni tu, lakini nani asiyejua wageni wanaokuja na kanga mpya mwezi usio na sikukuu wanatafuta nini. Bibi yako aliwatandikia mkeka chini ya mkorosho mkubwa kwa sababu ndani kulikuwa na joto. Mimi unanijua: mtu akinitazama kwa muda nasahau mikono yangu iko wapi. Nikatoka na sinia la chai, macho chini, hatua moja moja kama mtu anayevuka mto. Nilipofika katikati yao majimoto mmoja akaniangukia shingoni, akateremka mgongoni, akauma. Kisha wa pili. Kisha sijui wangapi. Aliyewapa jina hakukosea, ni kama kumwagiwa maji yanayochemka. Sinia likaenda kwake, mimi kwangu. Niliruka, nikajipiga mgongo, nikavua kanga ya juu mbele za watu. Yule mnene mwenye wanja akapiga makofi.

"Ee! Bibi harusi wenu kaanza ngoma kabla ya ngoma yenyewe!"

"Na kiuno anacho," akadakia mwenzake.

Walicheka mpaka wakajifuta machozi. Bibi yako naye akacheka, na hilo liliniuma kuliko wadudu. Posa haikurudi. Sikuililia posa. Nililia kile kicheko, siku mbili nzima, huku nikipaka mafuta ya nazi mahali palipovimba.

Siku ya tatu bibi yako akaondoka kwenda bondeni Kilambo kuamia mpunga, ndege wasiumalize. Asubuhi ileile kabla hajaondoka alikukuta umeshika kijinga cha moto, umeunguza kiota kimoja cha chini. Akakuvuta sikio.

"Nimekataza mara ngapi? Waacheni hao. Miti ni yao."

Miti ni yao! Maisha yangu yote nimesikia maneno hayo na hakuna siku aliyoniambia ni yao kwa nini. Nani aliwapa? Kwa hati gani? Mtu mwingine angeuliza. Mimi siulizi, naona haya hata kuuliza saa. Basi mkubwa akakataza, mdogo akanyamaza, na sababu ikabaki njiani bila mtu wa kuiokota.

Mjomba wako Bakari alikuwa ameleta kopo la diditi kutoka mjini, pamoja na bomba la mkono, kwa ajili ya kunguni wa vitandani. Kopo lilikuwa na maandishi ya Kiingereza pande zote. Katika nyumba ile nani anasoma Kiingereza? Mimi peke yangu. Nikalisoma kwa sauti nimesimama mlangoni kama mwalimu, na wasikilizaji wangu walikuwa kuku. Lilisema linaua wadudu wote, watambaao na warukao. Wote. Neno hilo lilinifurahisha sana. Halikusema tazama kwanza ni nani huyo na anakula nini. Na mimi, niliyefundishwa kuchora mdudu na kuandika sehemu za mwili wake kwa lugha mbili nikapewa alama nzuri, sikuwahi hata siku moja kumtazama majimoto akifanya kazi juu ya mti wa nyumbani kwetu.

Ilinichukua siku tatu. Wewe nilikutuma kisimani, dukani, kwa jirani kuazima nisichokihitaji, popote pale mradi usiwepo. Nikajifunga kanga puani. Viota vya chini nilivipulizia, vya juu nilivivuta kwa mti mrefu wenye ndoana, na kuzunguka mashina nikanyunyiza unga mweupe. Mikorosho mitatu, mchungwa na mlimau. Walianguka kama mchele unaopepetwa. Nikawafagia, nikavichoma viota nyuma ya choo, nikaoga. Nakwambia kweli, nililala vizuri.

Bibi yako alirudi, akatua mzigo, akatazama juu. Akazunguka nyuma ya choo, akaona majivu. Hakuuliza neno.

"Salima!"

Nilikuwa jikoni nasonga ugali. Nilisikia kila fimbo. Niliendelea kusonga, Salima. Ugali ule ulitoka laini kuliko ugali wowote niliowahi kupika. Na alipokuwa anapumzika, bibi yako akasema maneno ambayo tuliyasikia sote wawili: "Una bahati wewe ni mtoto. Angekuwa mkubwa kafanya hivi, ningesema shule ndiyo iliyomharibu. Ningemtoa leo hii, akae ndani asubiri mume."

Nikapakua. Tukala. Wiki iliyofuata nikarudi shule na daftari zangu.

Nilidhani limekwisha. Wadudu wamekufa, fimbo imepita, mtoto anasahau. Nikaja likizo hii nikamkuta bibi yako anafagia chini ya mikorosho ambako hakuna cha kuokota. Ncha za matawi zilikuwa nyeusi kana kwamba mtu amezipitishia pasi ya moto. Maua yalikauka yakiwa bado mashada. Korosho chache zilizofunga zilikunjamana kama sikio la mzee. Mlimau nao majani yake yalijikunja, yananata, yamepakwa masizi. Msimu mzima wa bibi yako ulijaa ungo mmoja, na ungo wenyewe haukufurika.

Ndipo akaja yule bwana shamba kijana, mtu wa bara, anayekaa upande wa Naliendele. Ulikuwepo, lakini ulikuwa umeinamisha kichwa, kwa hiyo nakuandikia nilichokiona mimi niliyesimama nyuma ya nguzo. Alishika kichipukizi akakigeuza juu chini.

"Mama, hapa zamani hapakuwa na majimoto?"

"Walikuwepo."

"Wamekwenda wapi?"

"Muulize huyo." Bibi yako akakunyooshea kidole.

Bwana shamba akachuchumaa mbele yako. "Mjukuu wangu mdogo, wewe ndiye uliyewafukuza askari kazini?"

"Ana wajukuu huyu!" bibi yako akasema. "Hata ndevu hana."

Kijana akacheka, kisha akatuonyesha. Kidudu chembamba, chepesi, chenye vipapasio virefu kuliko mwili wake, kinachoitwa mbu wa mikorosho. Kinachoma kichipukizi kichanga, kinafyonza, na pale kilipofyonza panakufa. Akasema mti wenye majimoto wengi mbu huyo hatulii juu yake, maana kila akitua anakamatwa au anakimbizwa. Akasema watu wengi huwaua kwa sababu ya kuumwa wakati wa kuokota korosho, halafu hushangaa.

Bibi yako akakichukua kichipukizi kile, akakigeuza naye. "Marehemu mama yangu alisema miti ni yao. Hakusema kwa nini. Nami sikumuuliza."

Nilitaka kucheka na kupiga yowe kwa pamoja. Kumbe naye alikuwa hajui! Vizazi vitatu vya wanawake tunapokezana katazo kama chungu kilichofunikwa, na hakuna aliyefunua.

Jioni ile akaamua. "Aende kwa baba yake. Ana mkono wa kuharibu huyu, akawaharibie wao." Bakari alijaribu: "Mama, mtoto huyu ni wa kwetu. Toka lini mtoto wa Fatuma akalelewa kwa watu wa baba yake, kana kwamba hana mama wala mjomba?" Akajibiwa, "Toka leo." Unajua uzito wake. Kwetu mtoto hatolewi upande wa mama ila upande wa mama umekwisha au umemkataa. Nami nilikuwa pale, mzima, natenganisha mawe na mchele.

Nilishindwa kukutazama, nikaanza kutazama wadudu. Wiki mbili hizi umeniona nimesimama chini ya mlimau kama mtu aliyepotea, ukadhani nasoma. Kweli nilikuwa nasoma. Nilikuta kidudu cheusi, chenye miiba, mabaka ya rangi ya embe mbivu, kinatambaa kama mamba mdogo wa kutisha. Kidole changu kilikuwa kimeshafika nilipokumbuka bomba. Nikajizuia, nikakaa juu ya kinu, nikatazama. Kilikuwa kinakula vidukari, wale wadogo wa kijani wanaokunja majani. Kinamshika mmoja, kinamfyonza, kinaacha ganda, kinahamia kwa mwingine. Kutwa nzima. Baada ya siku kadhaa kikajibandika kwenye jani kama kimekufa, na kutoka humo akatoka yule mdudu wa mviringo, mwekundu, mwenye madoa, ambaye wewe humchukua kiganjani ukamwimbia aruke. Ndiye yeye! Mtoto wake unamponda, mkubwa wake unamwimbia. Na uliwaponda, Salima, nilikuona, ulipita nyuma yangu ukaponda wanne huku ukisema, "Mama, nimekusaidia." Una kidole gumba kama nyundo, mwanangu. Nilikufokea mpaka ukalia, na hukujua nafoka kwa ajili ya nani.

Ndiyo maana nakuomba tu usifanye haraka. Huko uendako mikorosho ni mingi kuliko watu, na mabomba yapo. Ukikuta mdudu juu ya mti usiulize kwanza kama ni mbaya kwa sura, maana wabaya wengi ni wazuri na yule mbu wa mikorosho ana umbo la msichana. Tazama mdomo wake uko wapi. Geuza jani. Rudi kesho uone kama jani limeliwa au jirani yake ndiye aliyeliwa. Vunjajungu tumemwacha salama miaka yote kwa kuogopa tu kwamba ukimgusa utavunja vyungu, na kumbe yeye naye ni mwindaji, yaani woga wa kijinga umetusaidia kuliko Kiingereza changu. Lakini usiwafanye malaika. Bwana shamba alisema majimoto nao huwachunga baadhi ya vidudu vya utomvu kama watu wanavyochunga mbuzi, wapate maji matamu yao, na hao hudhuru mti. Kwa hiyo hata rafiki mtazame. Ndiyo hivyo, sina maneno mazuri zaidi.

Juzi nilikwenda Ziwani nikaomba viota viwili kwenye shamba la watu, nikavileta katika gunia kichwani. Gunia lilikuwa na tundu. Sitasimulia. Nimevifunga kwenye mkorosho mkubwa, na leo wameanza kushona majani.

Sasa nifike kwenye la asubuhi.

Tulikuwa tunakunja nguo zako. Nilitaka kujua tu, nikakuuliza kwa sauti ya mtu asiye na habari: "Lakini Salima, siku ile mbona hukumwambia bibi kuwa si wewe?"

Ukasema, "Ningesema ni nani?"

"Ungesema hujui."

"Lakini najua. Ulijifunga kanga ya bibi puani, ile ya bluu. Nilirudi mapema kutoka kisimani."

Ukaendelea kukunja gauni. Nikakuuliza kwa nini ulinyamaza, ukanitazama kana kwamba mimi ndiye mwenye miaka kumi. "Mimi nilichapwa tu, ikaisha. Wewe wangekutoa shule."

Hivi wewe mtoto una akili gani? Nani alikutuma? Miezi minane umenibeba na hujasema, umekula nami sahani moja, umenisuka nywele, umeniletea maji ya kuoga! Nimekuwa nikijifariji kwamba hujui, kwamba unadhani kile kiota kimoja ulichounguza ndicho kilichoua miti mitano, nami nikauacha uongo huo ukae kwako kwa sababu ulionekana kukuenea. Kumbe ulikuwa unaujua ukweli na unaniwekea akiba ya shule. Na hata kesho ungepanda lori ukiwa umefunga mdomo. Nimekasirika, Salima. Sikukulea miaka saba ili ujifunze kunyamaza kutoka kwangu. Hicho ndicho kitu kimoja nilichokuwa nacho cha kutokufundisha, na umekishika kuliko hesabu.

Nilipochukua kalamu nilikuwa na mpango. Barua hii ningeishona ndani ya pindo la gauni lako, nikwambie usiifungue mpaka ufike Newala. Ungesoma kule juu, mimi niko huku, na Januari narudi shule. Ningekuwa nimeungama na hakuna kilichobadilika. Nimeandika kurasa nne ndipo nikaona upuuzi wenyewe. Ninakwambia wewe jambo ambalo wewe unalijua. Asiyelijua ni mmoja tu, na ndiye aliyeamua uende.

Naogopa. Nakuandikia hivyo kwa sababu ni kweli. Kuna mitihani mwakani, na mwalimu wangu amesema nina nafasi. Bibi yako akisema neno halirudishi. Huenda akanitoa kweli, na wale wa Mikindani wakasikia kuwa nipo. Huenda pia asikubakize wewe, kwa kuwa ameshampelekea baba yako habari na ni mtu wa kuona haya kugeuka. Sijui. Nimejaribu kupima nikaona siwezi kupima huku wewe umekaa kwenye kitanga kimoja cha mizani.

Nasikia ndoo inatuliwa uani. Mmerudi kutoka kisimani.

Tangu niliposali adhuhuri, kila aliyepita nje nimeisukuma karatasi hii chini ya mkeka. Mara moja nimeificha hata mbuzi asiione. Hizi ni kandambili za bibi yako, nazifahamu, mguu wa kushoto unaburura kidogo. Na hizo za nyuma ni zako.

Karatasi iko juu ya mkeka. Kurasa zote nimezipanga, ya kwanza juu. Bibi yako hazijui herufi hizi, husoma za msahafu tu, kwa hiyo kuiacha wazi hakutoshi. Itabidi nimsomee mimi, kwa sauti hii yangu ambayo hata kuku hawaiogopi.

Anafuta miguu mlangoni. Salima, usibaki nje. Ingia naye, ukae karibu yangu.

Mama yako,
Somoe